Kichwa Kiumacho kwa Kusimama

Mwanangu wa mwisho alipoanza kusema kwamba kichwa kinamuuma akisimama, na akilala kinaacha, mie sikumwamini. Si siku ya kwanza, si wiki ya kwanza. Nalisema mwanzo kabisa kwa sababu wako watu watakaokwambia kuwa mama hakosi kumjua mwanawe. Mie wangu namjua, na bado sikumwamini.

Sababu ninayo. Marehemu baba yake, Mungu amrehemu, alikuwa na kiuno. Kiuno kile mwaka mzima kimelala. Harusini hakimuumi, mpirani hakimuumi, akienda kutazama ng'ombe wa watu maili tatu hakimuumi. Karafuu zikianza kupiga wekundu mtini, kiuno kimeamka. Atalala barazani na mto chini ya magoti, atashusha pumzi, atasema, "Mke wangu, mwaka huu sijui." Mie najua. Nachuma mie, nachambua mie, naanika mie, na siku gunia linapopelekwa kituoni kupimwa na kuuzwa yeye ndiye wa kwanza kuvaa kofia.

Sasa mtu aliyeolewa na mgonjwa wa msimu, umwambie kuna ugonjwa usiouma ukilala, na mwezi wenyewe ndio huo mikarafuu imeiva. Ungeamini wewe?

Kuumia aliumia, hilo sikulitilia shaka. Mwanangu ni fundi mwashi, na alikuwa akipandisha ukuta wa ghorofa ya mtu huko Wete mjini. Mti wa jukwaa ukavunjika naye yuko juu. Akaangukia chungu ya matofali, kichwa mbele. Siku mbili hakufumbua jicho. Siku ya tatu akafumbua, akaomba chai, tukachinja mbuzi, tukaona yamekwisha.

Hayakwisha. Baada ya kama miezi miwili akaanza kutembea vibaya. Si kuchechemea. Ilikuwa kama nyayo zimegandia sakafuni na lazima azibandue moja moja. Akawa anasahau. Ananiuliza baba yuko wapi, na baba yake yuko kaburini mwaka wa saba. Halafu mkojo ukawa unamtoka naye hana habari, mtu mzima, baba wa watoto wawili. Hapo nilishuku kila kitu isipokuwa kichwa. Nilimshuku mwenye ghorofa, kwamba kajenga mahala pasipojengwa. Nilizishuku jamaa za mkewe, watu wa Wambaa, wavuvi, ambao tangu siku ya posa sikuwahi kuzielewa nyuso zao. Nikaandikisha kombe, aya kwa zafarani ndani ya sahani nyeupe, nikaiosha kwa maji ya waridi nikamnywesha siku saba.

Mkaza mwanangu alinisubiri nimalize siku saba zangu. Siku ya nane akamchukua hospitali ya mjini Chake, na kutoka huko wakapelekwa Bara, kwenye hospitali kubwa.

Waliporudi alinieleza taratibu, huku akinionyesha kwa kidole kwenye kichwa chake mwenyewe. Ndani ya kichwa mna maji, kila mtu anayo. Yanazaliwa humo na yanatoka humo. Damu ya kule kuanguka ilikuwa imeziba yanapotokea, yakajaa, yakausukuma ubongo. Basi wamemtoboa, wamempitisha mpira mwembamba chini ya ngozi, nyuma ya sikio, shingoni, kifuani, mpaka tumboni, na maji yaliyozidi yanashukia huko, mwili unayanyonya. Njiani pana kidude kama koki, kazi yake kuyapunguza mwendo yasitoke yote kwa pamoja.

Nitasema haki: mwanangu alishuka melini kwa miguu yake. Alinipa mkono, akaniuliza habari za kuku wangu, akamtaja kuku mmoja aliyekuwa akitaga vichakani. Akili imerudi. Lakini nilipomshika shingo niliusikia ule mpira chini ya vidole, umepita kama mzizi wa mti chini ya udongo, nikautoa mkono haraka. Sikuupenda. Kitu kimekaa ndani ya mtu na wala si chake.

Jirani yangu, mwanamke wa rika langu ambaye hajapata kunyamaza tangu tuko chuoni tunasoma Kurani, akaja kumtazama. Alipotoka akanivuta pembeni.

"Shoga, hao mumiani hao. Wamemtia mfereji. Maji yenyewe yaenda wapi?"

"Yaenda tumboni."

"Na tumboni yaenda wapi?"

"Yaendako ya kwako," nikamwambia.

Nilimjibu hivyo ili aondoke. Alipoondoka nikakaa nikalifikiri.

Mwezi mmoja alikuwa mzima. Alilipiga lipu banda langu la jiko, ukuta mmoja, hizo tatu akaziacha makuti akisema saruji imekwisha. Asubuhi akimpeleka mwanawe mdogo chuoni kwa mkono. Halafu karafuu zikaiva, na siku ileile tuliyotoa majamvi kuyakung'uta, akaja akajilaza juu ya jamvi ambalo bado sijalikung'uta.

"Mama, kichwa."

"Kichwa gani tena? Si kimeshatengenezwa?"

"Nikisimama. Nikilala kinaondoka."

"Kinakwenda wapi?"

Akacheka kidogo, macho kayafumba. "Sijui. Kama kinashuka."

Nikavuta jamvi langu.

Wasioijua karafuu niwaambie: haingoji. Ikifunguka ua mtini, imekwisha. Ikichumwa, jioni ileile ichambuliwe, mbegu mbali na makonyo, vile vijiti vyake, kesho iingie juani. Mvua ikitishia, kila mwenye mikono miwili anakimbilia majamvi, hata mwari, hata mgeni aliyekuja kukopa chumvi. Katika wiki hizo mwanamume akionekana amelala mchana, jina lake linatembea. Wanawake waliokuja kunisaidia kuchambua walianza mapema.

"Bwana harusi kaamka?" anauliza mmoja.

"Fungate hiyo bado. Kapelekewa uji."

"Na nani?"

"Na nani mwingine? Si huyo wa Wambaa, aogopa karafuu, kazoea pweza."

Wanacheka, na mkaza mwanangu yuko palepale, anachambua, vidole vyake vyeusi kwa utomvu kuliko vya wote. Nami sikuwanyamazisha. Naye pia nilikuwa nikimshuku. Niliona jinsi anavyomlisha yule bwana kitandani, anavyoteremsha sauti akizungumza naye, wanavyonyamaza nikiingia. Nikasema, hawa wana lao. Mmoja hataki kupanda mti, mwingine hataki kukaa Wete, na wamepata kichwa cha kukisingizia.

Baada ya wiki mbili mkaza mwanangu akanifuata jikoni.

"Mama, nataka nimrejeshe Bara."

"Kwa lipi?"

"Kichwa. Daktari alisema kikiuma tusikae."

"Alikwambia wewe. Mie hakuniambia."

Akaenda akaleta karatasi ya hospitali, ile aliyopewa siku ya kuruhusiwa. Ya Kiingereza tupu. Akanisomea kwa Kiswahili, kidole kikifuata mstari: maumivu ya kichwa, kutapika, homa, usingizi mwingi, kidonda kuvimba, arudi upesi.

Mie Kiingereza sijui. Nitajuaje kwamba analolisoma ndilo lililoandikwa? Lakini nikaona hata kwa kisomo chake mwenyewe namshinda.

"Katapika?"

"Hajatapika."

"Ana homa?"

"Hana."

"Kidonda?"

"Kimekauka."

"Usingizi?"

"Mama, analala kwa sababu akiinuka—"

"Nakuuliza usingizi. Ni usingizi au kulala?"

Akaikunja karatasi. "Ni kulala," akasema.

"Basi subirini msimu uishe."

Na alikuwa ni mtu wa kuniheshimu, Mungu amlipe, akasubiri. Angekuwa na ufidhuli kidogo tu angemchukua mumewe akaenda zake, na mie nisingekuwa na haya ya kuandika.

Wiki ya tatu nikamjaribu. Nikamwambia mwanangu, kupanda sikuambii, ngazi sikuambii, njoo ukae chini na wanawake uchambue. Kukaa si kusimama. Nilitaka aone haya, haya zimwinue. Akaja. Akakaa, akavuta fungu la karafuu mbele yake, akaanza. Wale wanawake wakaona wamepata.

"Karibu, bi harusi."

"Ahsanteni," akasema. "Mahari yangu mlikula nini?"

Wakacheka, naye akacheka, na kwa muda nikaona, unaona, si mgonjwa huyu. Kisha akanyamaza. Rangi ya midomo ikabadilika, ikawa kama majivu. Akaendelea, mbegu moja, mbegu nyingine, kama anayehesabu. Mwishowe akateremka ubavu, taratibu, akaweka shavu juu ya makonyo, na hapohapo uso ukalegea ukatulia kama mtoto aliyepewa titi.

"Haya," akasema jirani yangu. "Dawa yake mto."

Huo utulivu ndio ulioniudhi. Mtu mwenye kuumwa kweli, nilivyojua mie, akilala anagaagaa. Huyu akilala anapumzika. Nikamwacha palepale, jua limpate.

Lililonitoa nyumbani ni sala. Mwanangu akawa anasali amelala chali, kaelekea kibla, anaashiria kwa kichwa. Mgonjwa mahututi husali hivyo, kila mtu anajua. Lakini huyu asubuhi kala mikate miwili ya kumimina. Kumdanganya mama ni jambo, kumdanganya Mungu ni jambo jingine. Nikavaa baibui nikaenda kwa Shehe wetu wa msikitini, nilitaka neno lake ili nije nimpige nalo.

Nikamweleza yote. Anakula, anacheka, ananena vizuri, na anasali kama maiti.

Shehe akaniuliza, "Akiwa amelala, kichwa chamuuma?"

"Hakimuumi."

"Akisimama?"

"Asema chamuuma."

"Akikaa?"

"Asema vilevile, kinachelewa kidogo."

"Na akisujudu, kichwa kikiwa chini?"

Sikujua. Sikuwa nimeuliza. Shehe akaninyooshea kiganja, kama anayempa mtu kitu mkononi.

"Bibi, mtu ambaye kusimama kunamdhuru, Mungu kamwondolea kusimama. Hakumwambia agaagae kwanza."

"Na kama anasema uongo?"

"Bibi yangu, umekuja kuuliza hukumu au umekuja na hukumu yako mkobani?"

Nikaaga. Njia nzima nilikuwa namkasirikia. Mtu wa kitabu, nikasema, anadanganywa kirahisi, hajaishi na kiuno. Lakini lile swali la kusujudu lilinikaa. Usiku ule nilipomwuliza mwanangu, akasema, "Nikisujudu ni raha, mama. Natamani nisiinuke." Na mie hata hilo nikalitia shaka. Nikaona Shehe kamfikishia habari kabla yangu.

Siku chache baadaye niliamua kumchungulia. Wajukuu walikuwa chuoni. Asubuhi nikatoka na mkaza mwanangu kwenda shamba, vikapu mkononi, nikasema kwa sauti asikie aliyelala kuwa hatutarudi mpaka adhuhuri. Tulipofika njia panda nikamwambia mwenzangu atangulie, nimesahau kisu. Nikarudi kwa nyuma, kwenye migomba, nikaingia banda la jiko, nikakaa juu ya kinu nikatazama kupitia ule upande wa makuti ambao mwenyewe kauacha bila lipu. Uani kote naona.

Nilikaa sana. Nilikuwa nimeshajitayarishia maneno. Nikimwona tu anatoka ananyoosha mikono, anapiga mluzi, nitatoka nimwambie, shikamoo mgonjwa.

Mlango ukafunguliwa. Akasimama kizingitini, kashika miimo miwili. Akapiga hatua mbili. Ya tatu hakuimaliza. Akajishika kichwa kwa nyuma, akashuka chini, magoti na mikono. Nikangoja ainuke. Hakuinuka. Akaifunga shuka yake juu, ncha iliyoning'inia akaiuma kwa meno isiburuzike, akaanza kutambaa kwenda chooni. Uwanja ule ni hatua ishirini za mtu mzima. Alipofika kwenye ndoo ya maji akainamisha kichwa mpaka paji likagusa ardhi, akapumzika hivyo, kisha akaendelea. Na mkono wa kushoto haukufunguka kiganja. Aliukanyagia mgongo wa vidole, kama umekufa ganzi, na hakuutazama hata mara moja.

Hapakuwa na mtu wa kumwona. Ndilo lililonikata. Marehemu baba yake alikuwa akiumwa mbele za watu.

Nilikaa pale juu ya kinu mpaka akarudi, vilevile alivyokwenda. Nilipomsikia kapanda kitandani nikatoka kwa nyuma, nikazunguka, nikaingia kwa mbele na kikohozi.

"Mama? Umerudi?"

"Nimesahau kisu. Kichwa vipi?"

"Kidogo tu. Leo nafuu."

Nikasimama na kile kisu mkononi. Wiki tano nilikuwa nikimtega nimkamate uongo, na sasa nimemkamata. Uongo wenyewe ndio huo.

Nikaenda shamba kwa mwendo ambao miguu yangu haijauona siku nyingi. Mkaza mwanangu alikuwa juu ya ngazi.

"Teremka."

"Kuna nini, mama?"

"Teremka. Nenda katie nguo mkobani."

Alishuka akasimama mbele yangu, kikapu kifuani. "Mama, wanifukuza?"

"Nakufukuza na nani atamchukua? Tunakwenda Bara, sote watatu. Tia na ile karatasi yako."

Karafuu tuliziacha mtini. Jirani akaja juu, shoga, mvua hii, majamvi haya, utakula nini mwaka huu. Nikamwambia aanike yeye na ale yeye. Watoto nikamwachia, maana ulimi wake mrefu lakini chungu chake hakina choyo.

Melini tulimlaza juu ya mkeka baina ya viti, kichwa kwenye paja la mkewe. Kila apitaye anaruka miguu yake. Bwana mmoja mwenye kanzu safi akasimama akamtazama, akanitazama.

"Bibi, kijana kalewa huyu?"

"Pua huna?" nikamwambia. "Mnuse."

Akaenda zake. Lakini niliyaona macho yake, na nikayajua. Ndiyo yangu ya wiki tano.

Hospitalini walimpiga picha ya kichwa, na daktari akatuita. Alikuwa mwanamke kijana, mtu wa Bara, akaniamkia vizuri, "Shikamoo bibi," akavuta kiti anikalishe. Ana daftari mbele yake.

"Haya maumivu ya akisimama yameanza lini?"

Mkaza mwanangu akajibu upesi, "Wiki mbili, daktari." Na hakunitazama.

Nilielewa anafanya nini. Ananifunika. Mbele ya mgeni ananitupia nguo ya sitara, yeye niliyemwacha achekwe na wanawake uani kwangu. Ningeweza kunyamaza. Lakini nililitazama lile daftari nikaona kalamu inakwenda.

"Tano," nikasema.

"Mama—"

"Wiki tano. Mbili za mwanzo alisema yeye mwenyewe. Tatu za baadaye mke wake alitaka kumleta, nikakataa mie. Andika hivyo."

Daktari akainua uso. "Kwa nini ulikataa, bibi?"

"Nilidhani mvivu."

Akaandika. Nikamwuliza, "Umeandika mvivu?"

"Nimeandika wiki tano, bibi. Hilo ndilo nilikuwa nalitaka." Akatugeuzia picha, akatuonyesha upande wa kulia pametanda kivuli kama mwezi mchanga. "Hii ni damu. Damu ya zamani huwa nyepesi, tunatoboa tundu dogo tunaitoa. Mpya huwa mabonge, kazi yake nyingine. Nikiambiwa siku za uongo naweza kujiandaa kwa kazi siyo."

Akatueleza ilivyokuwa. Mpira unafanya kazi, tena unafanya mno. Akisimama, kichwa kiko juu na tumbo liko chini, mpira unavuta maji kwa nguvu kuliko koki inavyoweza kuzuia.

"Kama mpira wa kunyonyea mafuta pipani," nikasema. "Ncha ikiwa chini yanatoka yenyewe."

"Hivyo hivyo, bibi."

"Na akilala?"

"Ncha zote ziko sawa. Mvuto hakuna."

Kwa hiyo ndilo lile aliloniambia siku ya kwanza juu ya jamvi, kwa maneno machache, nami nikavuta jamvi. Ubongo umelegea kwa kukosa maji, vijishipa vinavyoushika vikavutika vikachanika, damu ikajikusanya, na damu hiyo ndiyo iliyokuwa ikiukandamiza ule mkono wa kushoto. Nikamwuliza daktari kama anaweza akaingia kupasuliwa asiamke. Akasema anaweza. Sikumpenda kwa jibu hilo, lakini tangu hapo maneno yake nikayaamini.

Walitoa damu, wakabadilisha koki, wakatia nyingine nzito zaidi. Aliamka. Mkono ulichelewa siku mbili kisha ukaanza kufunguka, kidole kimoja kimoja.

Halafu ikawa kumwinua. Hawakumsimamisha mara moja, walikuwa wakiipandisha sehemu ya kichwa ya kitanda kidogo kidogo, kila siku kidogo, na kila wakipandisha daktari anauliza, "Kichwa?"

"Hakiumi," anajibu mwanangu.

Siku ya tatu walikipandisha mpaka akawa kama amekaa. "Kichwa?"

"Hakiumi, daktari. Sijambo kabisa."

Nilikuwa miguuni pake. Nikaona kidole gumba kakiingiza ndani ya ngumi akakibana.

"Anakudanganya," nikamwambia daktari.

"Mama!"

"Mteremshe. Anaumwa huyo."

Daktari akamtazama, akamwuliza tena kwa upole, mwanangu akageuza uso ukutani. Kitanda kikateremshwa. Daktari alipotoka mwanangu akasema, bila kunigeukia, "Mbona waniaibisha mbele za watu?"

"Nawe mbona wamficha daktari? Nani kakufundisha kuficha?"

Mkewe akainuka akajidai kwenda kuosha kikombe ambacho kilikuwa safi.

"Nikisema, wasema mvivu," akasema mwanangu.

Nikamfunika miguu.

Tumerudi Wete. Mkono umepona, kazi ameanza, ila ya chini tu, jukwaani hapandi, nimemwambia mwenye kazi mwenyewe mdomo kwa mdomo. Daktari alituonya kuwa mpira unaweza kuvuta mno na unaweza pia kuziba. Ukivuta mno, kichwa kitauma akisimama. Ukiziba kitauma akilala, hasa alfajiri, na hapo ndipo kutapika na usingizi. Kwa hiyo sina pa kupumzikia. Akisimama namtazama, akilala namtazama. Mkaza mwanangu naye namuuliza pembeni, kaamka vipi, kala vipi, kaongea nini, na huyo namwamini. Yeye ananiambia.

Mwenyewe simwamini. Kila asubuhi kabla hajatoka na mwiko wake namzuia mlangoni.

"Kichwa?"

"Sijambo, mama."

"Sikukuuliza hujambo. Nimekuuliza kichwa."

"Hakiumi."

"Fungua mkono."

Anafungua viganja vyote viwili, anavigeuza huku na huku mbele ya macho yangu kama mwizi wa sukari. "Mama, watu wananingoja. Mie ni fundi, si gunia la kukaguliwa kituoni."

"Watangoja. Lala hapo barazani."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi."

Analala. Jirani anapita na ndoo yake, anacheka. Nahesabu kimoyomoyo mpaka nitosheke, kisha namwambia asimame, na akishasimama namwuliza tena. Anasema hakiumi. Namwambia alale tena.